Picha Mbili Ukutani

Desemba 2024 binti yangu alikuwa akitafuta cheti chake cha kuzaliwa kwa ajili ya fomu za shule. Alilifungua sanduku la bati ninamoweka nyaraka za nyumbani, na chini ya hati za kiwanja akakuta daftari la kaunta lenye jalada jekundu, ambalo nilikuwa nimelifunga kwa kipande cha kanga. Kadi yake ya kliniki ilikuwa imepachikwa katikati ya kurasa. Niliporudi kutoka sokoni nilimkuta amekaa sakafuni, ameegemea kitanda, daftari likiwa limefunguka mapajani, na swali aliloniuliza halikuwa na ghadhabu wala machozi.

"Mama, nilikukosea nini?"

Alikuwa amebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka 16. Daftari lile nililiandika mwaka 2009, mwaka aliozaliwa, na katika ukurasa mmoja niliandika kwa mkono wangu kwamba natamani asingezaliwa, au nisingezaliwa mimi. Nilimjibu kwamba hakunikosea kitu, kisha nikamwomba anipe muda wa kumweleza. Haya ninayoandika ni sehemu ya muda ule.

Nilijifungua Tanga, salama, mtoto wa kilo 3.1. Nilifanyiwa kila jambo ambalo mzazi wa pwani hufanyiwa: nilikandwa maji ya moto asubuhi na jioni, nikafungwa mkaja, nikapikiwa uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku wa kienyeji, na chumba kikafukizwa ubani kila magharibi. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi hudhani kwamba anayeugua moyo baada ya uzazi ni yule aliyetelekezwa. Mimi sikutelekezwa. Nilizungukwa na wanawake wanaojua kazi yao, na katikati yao nilikuwa nikizama bila kupiga kelele.

Usingizi ulikuwa wa kwanza kuondoka. Mtoto alilala, mimi nikakaa macho nikihesabu pumzi zake, si kwa mapenzi bali kwa hofu ambayo sikuweza kuipa jina. Kisha ladha ya chakula ikaondoka. Kisha, karibu na siku ya ishirini, ilitokea asubuhi ambayo bado naiona ilivyokuwa: karai la plastiki la rangi ya buluu, maji ya vuguvugu, kichupa cha mafuta ya nazi juu ya kigoda, na mtoto mikononi mwangu akiwa amekunja ngumi. Nilihisi mikono ile si yangu. Wazo likanipitia, wazo ambalo sitaliandika hapa, nami nikamlaza mtoto kwenye mkeka, nikatoka hadi uani nikasimama nimeushika mlimau. Mama mkwe wangu alimsikia mtoto akilia, akaja mbio.

"Mwanangu, mzazi haachi mtoto hivi," aliniambia, kisha akanitazama usoni na sauti yake ikabadilika. "Una nini, mama?"

Sikuwa na neno la kumjibu. Wazee walisema ni jicho, wengine wakasema ni shetani wa uzazi, nikasomewa na nikanyweshwa kombe. Sikuidharau dua ile na siidharau leo, kwa kuwa ilisomwa na watu walionipenda, lakini kila aliyeniombea aliniombea nirudi kuwa mama mwenye furaha, na hakuna aliyeniuliza nilikuwa naona nini nikifumba macho. Kliniki nako mtoto alipimwa uzito, akachanjwa, nikaulizwa kama ananyonya vizuri, nami nikajibu kwamba ananyonya. Swali liliishia hapo.

Siku ya 40 mtoto alitolewa nje kwa vigelegele. Wiki mbili baadaye mama mkwe alimchukua akaenda naye Pangani, pamoja na kopo la maziwa, chupa na kanga zangu mbili ili asikose harufu yangu. Alilelewa huko miezi 7. Haukuwa uamuzi wa kuninyang'anya mtoto. Ulikuwa uamuzi wa huruma, na nilikubali haraka mno, na ile haraka ndiyo iliyokuja kunitesa kuliko kutengana kwenyewe.

Nilirudi Dar es Salaam kumalizia masomo yangu ya fasihi chuoni. Maziwa yalikuwa hayajakauka. Nilikuwa nikiyakamua bafuni alfajiri kabla wenzangu hawajaamka, nikiyatazama yakichanganyika na maji na kupotelea kwenye tundu la sakafu. Katika hali hiyo, wiki ya tatu au ya nne ya muhula, mwalimu wa ushairi wa kigeni alitugawia fotokopi ya shairi refu la Anne Sexton liitwalo "The Double Image".

Sexton alizaliwa Newton, jimbo la Massachusetts huko Marekani, mwaka 1928. Hakuwa msomi, alikuwa mke wa nyumbani aliyezaa binti wa kwanza mwaka 1953 na wa pili mwaka 1955, akaugua akili baada ya uzazi, akalazwa hospitalini zaidi ya mara moja. Daktari wake, Martin Orne, ndiye aliyemshauri aandike. Mwaka 1957 alijiunga na darasa la ushairi la watu wazima mjini Boston, mwaka 1960 kitabu chake cha kwanza kikatoka, na mwaka 1967 akapewa Tuzo ya Pulitzer. Habari hizo mwalimu alizitaja kwa dakika mbili. Shairi lenyewe nililisoma kitandani usiku ule kwa mwanga wa tochi ya simu, na nilipolimaliza nilikuwa nimekaa wima.

Ni shairi la sehemu 7, na mama anazungumza na binti yake mdogo, Joyce, ambaye wakati mama akiwa mgonjwa alilelewa na bibi yake mzaa baba. Mama ametoka hospitalini na kwenda kuishi kwa mama yake mwenyewe, na mama huyo anamwambia kwamba hawezi kumsamehe kwa kujaribu kujiua. Badala ya msamaha anaagiza mchoraji aichore picha ya binti yake. Baadaye mama huyo naye anaugua saratani, anamtupia binti yake lawama ya ugonjwa wenyewe, na yeye pia anachorwa. Picha zile mbili zinatundikwa kwenye kuta zinazoelekeana, mama na binti, tabasamu moja kwenye nyuso mbili, zikitazamana katika nyumba moja. Katikati ya kuta hizo ndipo anapopita mtoto wa tatu katika mnyororo huo, yule aliyepelekwa kwa bibi.

Lakini si picha zile zilizoniketisha wima. Ni mambo madogo. Mama anasimulia kwamba huko hospitalini alishona viatu vya ngozi ambavyo asingevivaa kamwe. Anasimulia kwamba mtoto alikuwa akiletwa mwisho wa wiki tu, na kila alipokuja alikuwa amekumbatia picha ya sungura ambayo mama alimtumia. Anasimulia kwamba alipoletwa mara ya kwanza, mtoto alimuuliza mama yake anaitwa nani.

Nilisoma mstari ule nikajua kwamba kuna mtu mwingine duniani aliyepita ninapopita, na kwamba alikuwa amekipita kile kipande cha njia akiwa macho, akihesabu vitu. Huzuni iliyoandikwa kwa ujumla ningeweza kuipuuza, kwa kuwa kila mtu ana huzuni. Yule sungura nisingeweza kumpuuza. Asubuhi nilimwambia mwenzangu wa chumbani habari ya karai, mtu wa kwanza kumwambia, na siku hiyohiyo alinipeleka kwa muuguzi wa afya ya akili katika hospitali moja ya jijini.

Muuguzi yule alinisomea dodoso lenye maswali 10, ambalo nilikuja kujua kwamba lilitungwa Edinburgh na kuchapishwa mwaka 1987, na hutumika katika nchi nyingi kuwapima kina mama. Swali la kwanza liliuliza kama katika siku 7 zilizopita nimeweza kucheka na kuona upande wa kuchekesha wa mambo. Nililia kwa swali hilo tu. Aliniambia ninachougua kinaitwa sonona ya baada ya kujifungua, kwamba si shetani wala si ubaya wa moyo, na kwamba kinatibika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na kwamba katika nchi zinazoendelea kiwango kinakaribia asilimia 20. Mmoja kati ya watano. Niliwafikiria wanawake waliokaa nami kwenye benchi la kliniki wakisubiri watoto wapimwe uzito, nikajiuliza ni wangapi walijibu kama mimi, kwamba mtoto ananyonya vizuri.

Nilitibiwa kwa dawa na kwa mazungumzo ya kila wiki. Naliweka hili wazi kwa sababu nimewahi kuwasikia watu wakisema kwamba ushairi uliniponya. Ushairi haukuniponya. Ulinipa sentensi ya kwanza ya kumwambia muuguzi, na kwa mtu aliyekuwa bubu jambo hilo si dogo, lakini kilichonirudishia usingizi ni matibabu. Sexton mwenyewe aliandika vizuri kuliko wengi na bado maradhi yalimshinda, akajitoa uhai mwaka 1974. Binti yake mkubwa, Linda, alipokuwa mtu mzima aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1994 akieleza mambo mazito aliyotendewa na mama huyohuyo aliyeandikiwa sifa nyingi. Nilipolijua hilo nililifunga lile shairi kwa muda mrefu. Leo nalisoma tena, nikijua kwamba mama anaweza kusema kweli katika ubeti na akamuumiza mtoto nje ya ubeti, na kwamba la kwanza halilifuti la pili.

Ilinichukua muda zaidi kumsogelea Sylvia Plath, mshairi mwingine wa Marekani wa rika la Sexton, kwa kuwa kila aliyemtaja mbele yangu alianza na kifo chake cha tarehe 11 Februari 1963, akiwa na miaka 30, mjini London, huku akiacha watoto wawili wadogo. Mashairi yake husomwa kwa kurudi nyuma kutoka siku hiyo, na nadhani hapo anadhulumiwa. Mkusanyiko wake wa mashairi uitwao Ariel aliuacha mezani akiwa ameupanga mwenyewe kuanza na neno mapenzi na kuishia na neno la majira ya machipuko. Toleo la mwaka 1965 lilipangwa kwa namna nyingine, na ule mpango wake ulichapishwa mwaka 2004. Mwanamke anayepanga kitabu chake hivyo hakuwa akiandika barua ya kuaga.

Shairi lake ninalolipenda ni "Morning Song", alilolitunga Februari 1961 kuhusu binti yake aliyezaliwa Aprili 1960. Nilijaribu kulitafsiri katika daftari lile jekundu. Mstari wa kwanza unasema kwamba mapenzi yalimwanzisha mtoto kama saa nene ya dhahabu, na nilihangaika nao siku mbili mpaka nikakumbuka babu yangu alivyokuwa akisema kila usiku kabla ya kulala: anaitia saa ufunguo. Nikaandika, mapenzi yalikutia ufunguo. Baada ya hapo shairi lilifunguka. Mama anakiri kwamba wao wazazi wanasimama wakimkodolea macho mtoto, kama kuta zilizo tupu. Anasema yeye si mama wa mtoto zaidi ya wingu linavyokuwa mama wa kidimbwi kinachoakisi kufutika kwake lenyewe. Kisha mtoto analia, na mama yuleyule aliyetilia shaka umama wake anajikokota kutoka kitandani, mzito kama ng'ombe, ndani ya gauni la kulalia lenye maua. Anaamka. Shaka yake yote haikumzuia kuamka. Mimi kwa miezi ile nilidhani mambo hayo mawili hayawezi kukaa katika mtu mmoja.

Nje ya mashairi mafupi aliandika pia "Three Women", tamthilia ya redio katika ubeti iliyotangazwa na BBC Agosti 1962. Ni sauti tatu katika wodi ya wazazi: mmoja anazaa na kwenda nyumbani na mwanawe, mmoja mimba imemtoka, na mmoja, mwanafunzi, anamwacha mtoto wake wa kike hospitalini. Hakuna sauti inayoihukumu nyingine. Ningependa siku moja kuisikia kwa Kiswahili, ikisomwa na wanawake watatu wa rika tofauti.

Ushairi wa aina hii wahakiki wameuita wa maungamo, jina lililotokana na makala ya mhakiki M. L. Rosenthal ya mwaka 1959 kuhusu kitabu cha mshairi Robert Lowell, ambaye Sexton na Plath walihudhuria darasa lake Boston. Jina limeshika, lakini mimi halijawahi kunikaa vizuri. Kwa Kiswahili mtu huungama kosa. Huungama mbele ya anayeweza kumhukumu au kumsamehe. Kuugua baada ya kuzaa si kosa. Mwalimu wa kwanza wa Sexton, John Holmes, alimshauri asiyachapishe mashairi ya hospitalini, naye akamjibu kwa shairi. Namwelewa Holmes, kwa kuwa kwetu pia angepata wa kumuunga mkono: tunafundishwa kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Lakini alidhani kwamba msikilizaji wa mashairi yale ni umma. Msikilizaji wa "The Double Image" ni Joyce. Mama anamweleza alikuwa wapi, kwa nini alimwacha, na mwisho anamwambia hatia yake kubwa kuliko zote, kwamba alimzaa ili ajipate yeye mwenyewe ndani yake.

Neno la Kiswahili kwa maneno ya namna hiyo tunalo, nalo ni wasia. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimwita binti yake Mwana Hashima asogee na wino na karatasi, akamtungia utenzi wa beti 102. Tulifundishwa shuleni kuusoma kama mafunzo ya ndoa na adabu, na wengi wa rika langu tuliukasirikia kwa hayo. Nilipourudia baada ya kuugua niliuona mwanzo wake kwa namna nyingine. Mwanamke anasema kwamba maradhi yamemshika hata mwaka umetimu, na kwamba muda wote huo hakupata kumwambia mwanawe neno jema. Kisha haongezi lolote kuhusu mwaka ule. Sijui kama nusu ya wasomaji wake huusimamia ubeti huo. Mimi husimama hapo kila mara, nikiufikiria mwaka mzima wa binti akikaa karibu na mama asiyeweza kusema naye. Mwana Kupona alimpa binti yake hirizi ya maneno ya kumvusha maishani, akauweka uchungu wake kando. Sexton alimpa binti yake uchungu wenyewe, aujue jina. Sitaki kuchagua kati yao. Wote wawili walijua wanazungumza na nani.

Mimi katika daftari langu jekundu sikuwa nikizungumza na mtu. Hapo ndipo nilipokosea, na nimelielewa hilo baada tu ya kumwona binti yangu sakafuni. Nilikuwa nimeandika kila kitu kilichoniuma na sikuandika hata mara moja "wewe". Mtoto katika kurasa zile ni "yeye", ni "kilio", ni "kile kitu kinachonisubiri". Nilipokuwa mgonjwa nisingeweza kuandika vinginevyo, na sijilaumu kwa hilo. Ila nilipopona nililifunga daftari kwa kanga badala ya kuliongezea kurasa, na kwa miaka 15 nikamwachia mwanangu hadithi isiyo na mwisho ndani ya sanduku lisilo na kufuli.

Jumamosi iliyofuata tulikaa barazani mimi na yeye. Nilimsomea shairi la Sexton sehemu kwa sehemu, nikilifasiri kadiri nilivyoweza, na nilipofika kwenye sungura na mtoto anayemuuliza mama yake jina, aliniinulia mkono ninyamaze.

"Na mimi uliponifuata Pangani, nilikuuliza?"

"Hukuwa umeanza kusema," nilimwambia. "Ulikuwa na miezi minane na siku kadhaa. Ulinitazama, kisha ukageuza uso ukamkumbatia Bibi shingoni. Nililala pale siku sita. Siku ya nne ulinivuta ushungi."

"Ulilia?"

"Nililia uliponigeuzia uso. Uliponivuta ushungi sikulia, niliogopa kujitikisa usije ukauachia."

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kadi ya kliniki ilikuwa mkononi mwake, imechakaa kwenye mikunjo, na alikuwa akiufuata kwa kidole mstari wa nukta za uzito wake. Za Tanga zilipigwa kwa wino mweusi. Kuanzia mwezi wa tatu wino ni wa buluu, mkono wa muuguzi mwingine, nukta moja kila mwezi bila kuruka hata mmoja, zikipanda. Kisha weusi unarudi. Alihesabu za buluu, zikawa 7.

"Bibi alinilisha vizuri," alisema, akanisogezea kadi niione.